Usiifute Hapana Yangu

Nekesa mwanangu,

Wewe na baba yako mmetoka sasa hivi kwenda mtaa wa Satwa kwa fundi kuchukua lile koti la baridi ya Nairobi. Najua mtachelewa, maana baba yako hajawahi kuingia kwa fundi yule akatoka kabla ya kusimuliwa siasa za nchi tatu. Basi nimekaa hapa mezani jikoni, sanduku lako limeziba mlango, na nimechukua karatasi. Ukirudi ukanikuta naandika, nitakuambia naandika orodha ya vitu, na utaniamini, kwa sababu unamjua mama yako na orodha zake.

Orodha sina. Mambo ya kula vizuri, kuvaa sweta, kutotembea na simu mkononi, shangazi yako Nafula atakuambia yote hayo, tena kwa sauti, tena kila siku. Mimi nina jambo moja ambalo ningekueleza wiki tatu zilizopita kama ningekuwa na moyo. Ni siku ile niliporudi kutoka Hatta, kule milimani, nikakuambia, "Ile barua pepe ya Nairobi usiitume." Ukaniangalia ukasema, "Lakini Mum, si ni wewe ulisema niwakatalie?" Nikasema khalas, basi, usitume, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Hukuniuliza tena. Ulianza tu kupanga safari, kimya kimya, kama mtu anayeogopa kwamba nitabadilisha nia.

Nianze mbali kidogo. Vumilia.

Ile picha yangu ya joho la shahada iliyo ukutani, mimi siipendi. Baba yako ndiye aliyeitundika, na kila nikisema tuitoe anauliza sababu, na sababu sijawahi kumpa. Nitampa kesho tukitoka kukusindikiza uwanja wa ndege. Lakini wewe uwe wa kwanza.

Unajua nilikuja Dubai kuwa mtu wa mapokezi katika ofisi ya programu za kompyuta pale JLT, kwenye yale maghorofa marefu. Nikajifunza kwa kuchungulia, nikapewa kazi ya kujaribu programu kabla hazijawafikia wateja, yaani kutafuta makosa ya wengine siku nzima, kazi ambayo bibi yako alisema nimezaliwa nayo. Ndipo nikajiandikisha kusomea shahada ya pili kwa masafa, na tasnifu yangu ikawa mapitio ya kimfumo ya tafiti. Hilo sasa unalijua kuliko mimi. Lakini acha nilieleze kwa maneno yangu, ili ujue kwamba nililielewa vizuri kabisa, na kwa hiyo sina kisingizio.

Unachukua swali moja. Langu lilikuwa hili: programu ikibadilishwa, timu ndogo ijaribu nini kwanza? Unakusanya kila makala unayoweza kuipata iliyoligusa swali hilo, na zinakuja kwa maelfu, nyingi hazikuhusu. Kabla hujasoma hata moja unaandika kanuni: ipi iingie, ipi iachwe. Kisha wasomaji wawili wanazipitia, kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana, kama wanawake wawili wanaochambua maharagwe ya gunia moja kwenye sinia mbili. Mwisho wanalinganisha. Walipopishana wanakaa, wanabishana mpaka waelewane, na sababu inaandikwa ili mtu mwingine akija aone. Kazi yote imesimama hapo, kwa sababu macho ya mtu mmoja huchoka, na mtu akiwa peke yake huona anachotaka kuona.

Programu za kusaidia kazi hiyo zilikuwepo hata wakati ule, lakini mimi nilijiona fundi. Nikafungua jedwali la kawaida la kompyuta. Kichwa cha makala safu ya kwanza, uamuzi wangu safu ya pili, uamuzi wa msomaji wa pili safu ya tatu. Faili moja, sote wawili tunaandika humo humo. Umeshaliona kosa, najua. Mimi niliyekuwa nalipwa kutafuta makosa sikuliona.

Msomaji wa pili alikuwa Zuhura. Utamkumbuka kidogo, ulikuwa darasa la pili, na alikuwa akikuletea visheti kwenye kopo la maziwa. Alitoka Unguja na stashahada ya kompyuta na hofu nyingi, akaja kuomba kazi ofisini kwetu, na mimi ndiye niliyemwendea sir, bosi wetu, nikamwambia, mchukue huyu, nitamfundisha mwenyewe. Tangu siku hiyo akaniita dada, na hakulitamka kimchezo. Nikimwambia kaa, anakaa. Nikisema wali umeungua, anasema kweli umeungua, hata kama ameupika yeye na haujaungua.

Tulikuwa tukibaki baada ya kazi katika chumba kidogo cha mikutano. Mimi nina haraka, unanijua, nikawa namtangulia. Zuhura akifungua faili anakuta safu yangu imejaa ndiyo na hapana. Tulipolinganisha mwishoni tulikuwa tumekubaliana karibu kila mahali, na nilifurahi mno. Nilimwambia baba yako, "Mimi na Zuhura tuna akili moja." Baba yako akasema, "Akili ni nywele, Mama Nekesa. Kila mtu ana zake." Nikacheka. Nilidhani ni wivu, kwa kuwa yeye zake zimeshaondoka.

Sasa kulikuwa na makala moja. Kichwa chake kilizungumzia ofisi ndogo na wateja wake, hakikutaja kujaribu programu hata kwa neno. Nilisoma kichwa, nikaandika hapana, nikasonga mbele. Ningesoma muhtasari wake ningeona kwamba ilijibu swali langu kuliko zote nilizoziingiza.

Siku ya kuitetea tasnifu ilifanyika kwa video, katika chumba kile kile. Zuhura ndiye aliyeunganisha kamera, akakaa kwenye kiti cha pembeni akishikilia waya usichomoke. Watahini walikuwa watatu, na mkuu wao alikuwa mama mmoja mpole. Akaitaja makala ile, akauliza, "Hii mbona hamkuiingiza?" Angenifokea ningejibu vizuri zaidi, maana kufokewa nimezoea. Upole wake ulinitia hofu. Nikasema, "Hiyo aliipitia msaidizi wangu. Yeye ndiye aliyeiacha."

Nilisema hivyo, Nekesa. Hakuna aliyenisukuma. Ningesema "nimekosa" wangenipa masahihisho, na mwishowe ndiyo waliyonipa. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya watu watatu ambao sijawahi kukutana nao mpaka leo, nikamwaibisha mtu aliyekuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu.

Zuhura hakuinua kichwa. Tulipomaliza akasema, "Hongera, dada." Akachomoa waya, akaukunja taratibu, akaufunga, akauweka mezani, akatoka.

Hilo peke yake lingetosha. Lakini nilikuwa na mazoea ya kujitumia nakala ya faili kila Ijumaa, na nilipokuwa nafanya masahihisho nikazifungua zile za zamani. Kuna wiki nilikuwa mgonjwa na Zuhura akanitangulia. Kwenye mstari wa makala ile, safu yake ilikuwa na ndiyo. Pembeni ameandika, "Dada, hii naona inatufaa." Mimi nilipofika hapo sikuiangalia hata safu yake, maana nani huangalia safu ya mtu anayekubali kila kitu? Nikaandika hapana yangu nikapita. Nakala ya Ijumaa iliyofuata, safu yake inasema hapana, na yale maneno ya pembeni hayapo.

Kwa hiyo alisoma, akaona, akasema. Halafu akaiona hapana ya dada yake, akafuta ya kwake kwa adabu. Na mimi nikasimama mbele ya watu nikamtwisha lawama ya jambo ambalo yeye ndiye aliyelipatia.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu anaweza angalau kusema ni yeye aliyeyamwaga. Mimi sikusema. Niliifunga ile nakala. Miezi michache baadaye Zuhura akaolewa, wakahamia Hatta kutunza nyumba ya wageni karibu na bwawa, tukabaki na salamu za Idi na Krismasi. Kila mwaka nilimwandikia "Idi njema mdogo wangu," na kila mwaka niliona haya.

Ndiyo maana mwaka jana, ulipoanza kuunda programu yako ya kusaidia mapitio haya haya, mama yako akageuka mtu wa ajabu. Uliniketisha hapa hapa mezani unionyeshe. Ukaniambia msomaji haoni uamuzi wa mwenzake mpaka wote wawili wamalize. Ukaniambia kila hapana lazima iandikiwe sababu. Ukaniambia hakuna kitufe cha kufuta: mtu akibadilisha uamuzi, ule wa kwanza unabaki chini yake na tarehe yake.

"Unabaki wa nini?" nikakuuliza. "Wa kumwaibisha mtu?"

"Wa kuonyesha vile alifikiria, Mum. Kwani kubadilisha ni aibu?"

"Weka kitufe cha kufuta. Watu watakushukuru."

"Mum, mbona unakasirika? Si ni software tu?"

Nikaondoka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Ulidhani sijaielewa programu yako. Niliielewa mno.

Kisha wale wa Nairobi wakaiona, wakakuandikia: njoo usome shahada ya pili kwetu, tuiendeleze pamoja. Ulikuja mbio kunionyesha simu. Na mimi, kabla hata hujafika mwisho wa kusoma, nikasema hapana. Nilikuwa nimeshakutafutia nafasi JLT, ghorofa mbili juu ya yangu. Nikakuambia, "Mimi nilihangaika kutoka kule, wewe unarudi kufanya nini?" Nikakuambia Nairobi unaijua ya Krismasi tu, ya kuchinjiwa kuku na kurudi. Ukaizima simu yako, ukasema, "Sawa, Mum."

Nilifurahi. Acha niseme kweli, nilifurahi vile vile nilivyofurahia zile safu mbili zilizolingana.

Siku chache baadaye baba yako alirudi kutoka kazini, bado na sare yake ya usimamizi wa walinzi, akasimama mlangoni hapa.

"Mtoto ananiomba nimsomee barua pepe," akasema. "Anawakatalia wale wa Nairobi. Anataka kujua kama lugha ina heshima ya kutosha."

"Na ina?"

"Ina heshima mpaka inaniuma tumbo. Nimeisoma mara mbili namtafuta mtoto wangu humo, simwoni. Maneno yote ni yako, Mama Nekesa."

Baba yako hajui nilichomfanyia Zuhura. Alisema tu alichoona, kama kawaida yake, akaenda kuvua viatu. Lakini mimi nilibaki nimeshika mwiko, na nilichokiona ni mstari ule wa jedwali, na neno ndiyo lililofutwa. Nilikuwa nimekionyesha kitoto changu safu yangu, na kitoto changu kilikuwa kinafuta ya kwake. Niliogopa, Nekesa. Niliogopa kwamba miaka kumi ijayo utakuwa ghorofa mbili juu yangu, unanisalimu vizuri kila asubuhi, na sitajua kamwe ulichotaka.

Jumamosi ile nilikuambia naenda Hatta kubadilisha hewa. Nilipanda basi, nikapita jangwa lote nikipanga maneno, na nilipoiona milima maneno yote yakatoroka. Zuhura alikuwa nje anaanika mashuka ya wageni. Amenenepa, amependeza. Akaniona, akaliacha shuka likining'inia upande mmoja.

"Dada! Leo umepotea njia? Mbona wasimama juani, ingia ndani."

Sikuingia. Nilimwambia pale pale kwenye mashuka, kwa maneno yasiyo na mpangilio wowote, kwamba niliiona ile ndiyo yake, kwamba nilidanganya, kwamba nimekaa na hilo miaka yote. Nikalia, na unajua mimi nikilia sipendezi.

Zuhura alilibana lile shuka kwenye kamba mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mie nkidhani wanikasirikia. Miaka yote najiambia, Zuhura, ungeiacha ile ndiyo yako, dada asingeaibika."

"Wewe hukukosa kitu."

"Nlifuta, dada. Hukunishika mkono. Nliona haya kukupinga, wewe uliyenitoa mbali." Akaufuta uso wake na pembe ya shuka. "Lakini ulivyosema mbele ya wale watu, iliniuma. Iliniuma sana, nisikufiche. Na kumbe ungeniuliza tu. Ungesema, Zuhura, umeonaje? Ningekwambia."

Umeonaje. Neno fupi hivyo, na mimi nilikuwa sijawahi kumuuliza hata siku moja. Wala wewe sijawahi kukuuliza. Nakuamulia halafu nakusikiliza ukikubali. Nilikaa naye mpaka basi la mwisho, nikala pweza wake wa nazi, nikarudi, nikakuambia usiitume. Nilipaswa kukuambia na haya yote, lakini ujasiri wangu wa siku hiyo nilikuwa nimeumaliza Hatta.

Sasa ninachokuombea ni hiki. Huko unakokwenda utakutana na profesa mwenye jina, na utamheshimu, kwa sababu ndivyo tulivyokulea. Siku moja atakuonyesha safu yake kabla hujaandika yako, bila nia mbaya, kwa haraka tu kama mimi. Mheshimu, mwamkie, mbebee hata begi ukitaka. Lakini uwe umeshaandika ya kwako. Na siku moja utakuwa wewe mkubwa, na kutakuwa na mtoto wa watu anayekuita dada na kukubali kila neno lako. Hiyo ndiyo siku ninayoiogopa zaidi. Ukiona mtu hapishani nawe hata kidogo, usishangilie. Mtafute, ukae naye, umuulize, na umuulize kabla hujafungua mdomo wako.

Programu yako inaweza kuficha safu. Haiwezi kumficha mama aliyekunja uso jikoni. Hilo hamtalitengenezea kitufe hata mkiwa hodari namna gani, ni la kufanywa na watu wenyewe. Uliniambia pia kwamba wale wenzako wanataka kuifundisha mashine iwe msomaji wa pili. Sina neno, mashine haichoki macho. Ila iangalieni isije ikawa na adabu za Zuhura, ikawa inawaambia mnachopenda kusikia.

Na nimekufanyia jambo ambalo hukuniomba. Zile makala za majaribio ulizoniwekea kwenye programu ili nikusaidie kuijaribu, nimezisoma, na msomaji wa pili niliyemwandikisha ni Zuhura. Kila mtu kwake, yeye Hatta na mimi hapa, hakuna anayemwona mwenzake. Juzi tulimaliza, programu ikatufunulia. Binti yangu, tumepishana vibaya! Alinipigia simu kabla sijamaliza kuangalia.

"Dada, hii ya tatu umesoma au umepita tu?"

"Nimesoma!"

"Hukusoma. Yalla, fungua muhtasari, soma sentensi ya mwisho, mie nangoja hapa hapa."

Nikafungua. Nilikuwa sijaisoma. Tumebishana siku mbili, na katika moja mimi ndiye niliyekuwa sahihi na akakataa kukubali mpaka akala chakula. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka hivyo na mtu. Utayakuta yote humo ukifungua, na hapana zangu za ovyo zote zipo chini yake, na tarehe zake, na sababu za aibu nilizoziandika. Sikuona haya kama nilivyodhani. Umetengeneza kitu kizuri, Nekesa. Ningekuwa nacho wakati ule, ningekuwa na rafiki yangu miaka yote hii.

Nasikia lifti. Kama ni nyinyi, baba yako atakuwa amelivaa hilo koti lako yeye mwenyewe ili kunichekesha.

Basi haraka haraka. Kwenda kwako Nairobi nilikukatalia, na neno hilo lilikuwa langu kweli, lilitoka kwenye hofu ya kukukosa hapa mezani. Sitaki tujifanye halikusemwa. Siku ukichoka huko, ukasema labda mama alikuwa sahihi, ulikumbuke, ulipime, uone kama bado ni kosa. Usiifute hapana yangu. Iache palepale na tarehe yake, na juu yake uandike: ndiyo. Mahali pa sababu andika kwamba mama alisoma upya.

Halafu unipigie simu uniambie, kabla mimi sijasema lolote, umeonaje.

Msomaji wako wa pili,
Mama